Mwalimu Aliyesinzia Ijumaa Kuu

Wewe uliyeanza kusinzia mchana, unayewaambia watu wa nyumbani kwamba ni uchovu tu wa shamba, nakuandikia wewe. Wengine mkitaka kusikiliza, karibuni, kaeni. Mimi ni Gaspari, mwalimu wa dini wa Gatete, hapa karibu na Rumonge. Malale yalinishika yakanila karibu mwaka mzima, na sasa nimepona. Jicho la kushoto halikupona pamoja nami, linaona moshi tu, lakini la kulia linatosha kuandika haya. Habari za mbung'o na za dawa waulize Wadachi, wao ndio wanaozijua. Mimi nitakusimulia habari za kungoja kwenye gogo, za shingo, za mke wangu Veronika, na za mama mmoja mkamuzi wa mawese aliyeitwa Nyandwi, ambaye nilimkosea vibaya.

Nianze na kosa, maana ugonjwa ulikuja nyuma yake.

Mtu mzima anayetaka ubatizo huku kwetu hungoja miaka minne. Mwanzoni Padri humpa medali ndogo ya Mama Maria aivae shingoni, na tangu siku hiyo mwalimu wa kijiji ndiye anayemwangalia. Anakuja? Anajua majibu? Ameacha hirizi? Miaka ikitimia, Padri hushuka kutoka misheni ya mlimani siku ya Pasaka na mwalimu humtajia majina. Jina ambalo mwalimu hakulitaja halibatizwi. Uwezo mkubwa huo kwa mtu aliyekua akichunga mbuzi za wengine, nami niliupenda, sitaficha. Nilikuwa na kanzu mbili, nyeupe zote. Watu wakiniambia amahoro njiani nilichelewa kidogo kuitikia, ili waone mimi ni nani.

Nyandwi alikuwa mjane wa Kigwena, kijiji cha kando ya ziwa. Alikamua mawese tangu alfajiri, kisha akatembea mpaka Gatete na mikono yake bado imejaa wekundu hadi viwikoni. Mwaka wake ulikuwa wa nne. Kwaresima ile akaanza kusinzia darasani. Mara ya kwanza niligonga nguzo. Mara ya pili nilimsimamisha mbele ya wenzake. Mara ya tatu nilikuwa nafundisha habari za ile bustani ya mizeituni, Bwana Yesu anatoka jasho zito kwa hofu ya kufa, na rafiki zake watatu aliowaomba wakae macho naye wamelala fofofo. Nikageuka, nikamwona Nyandwi kidevu kifuani, mate yanamtiririka. Loo, nilifurahi! Ndiyo, nilifurahi. Mfano wangu ulikuwa umekaa pale pale mbele yangu.

“Tazameni!” nikawaambia. “Bwana anateswa, huyu anakoroma.”

Darasa zima likacheka. Nyandwi akashtuka, akajifuta mdomo kwa kiganja.

“Unisamehe, mwalimu. Mimi sitaki kulala. Usingizi unakuja wenyewe, unanibeba kama mutoto.”

“Anayekubeba ni Shetani,” nikasema.

Nikamvua medali. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa mgomba na fundo lilikuwa nyuma, kwa hiyo nilipitisha vidole shingoni mwake kulitafuta. Chini ya ngozi nikagusa vinundu vitatu vigumu, vinateleza vikikimbia vidole. Sikujiuliza ni nini. Nilifungua fundo langu nikamaliza. Yule mama akainamisha kichwa, akasema “Murakoze, mwalimu,” akatoka. Alinishukuru! Medali nilimpa msichana mwingine wiki ile ile, na Padri aliposhuka Pasaka sikulitaja jina la Nyandwi.

Kiangazi kilipoingia serikali ikatoa amri. Watu wote waondoke ufukweni, vichaka vikatwe, mbung'o wakose kivuli. Pamoja na askari walikuja watu wa kupapasa shingo, ambao kazi yao ilikuwa kupanga kijiji mstari na kutafuta kwa vidole vinundu nyuma ya shingo. Mwenye navyo alipelekwa kambi ya wagonjwa kule Rumonge. Mmoja wao alituonyesha kwenye shingo ya mzee mmoja. “Vinateleza,” akasema, “vinakimbia vidole.” Nilikuwa nimesimama na kanzu yangu nyeupe, na mkono wangu wa kulia ukapata baridi mpaka begani.

Nikasema moyoni, nitamtafuta mama yule. Sikumtafuta. Mara moja tu nilipita Kigwena, saa sita mchana, nikakuta nyumba zimechomwa na michikichi imesimama bila mtu chini yake. Kinu cha Nyandwi kilikuwa bado pale uani, mchi ndani yake. Kijiji kilikuwa tupu kwa mwezi mzima, mvua haijanyesha hata tone, na ule mchi ulikuwa umelowa mawese mabichi. Niliugusa, nikanusa vidole. Kisha nikatembea haraka, na sikutazama nyuma mpaka Gatete.

Vuli ilipoanza, kichwa kikaanza kuniuma. Ngozi ikawasha. Nilisikia baridi juani na joto mvuani. Nikijigonga kiwiko mlangoni sikusikia kitu, ila baada ya kitambo, nikiwa nimeshasahau na niko penginepo, maumivu yalikuja ghafla, makali, utadhani mtu amenipiga ambaye simwoni. Ukiona jambo hilo, ndugu yangu, usingoje lingine.

Mimi nilingoja. Nilianza kulala nikiwa nakula. Veronika alikuwa akinitoa ndagala, hawa dagaa wa ziwani, mdomoni kwa kidole, kama mtoto mchanga, nisije nikakabwa. Na kanisani kwangu, lile banda letu la nyasi, saa za mchana ambapo hakuna mtu, nilisikia darasa zima likijibu maswali. Nilikuwa nimekaa peke yangu. Sauti za watu arobaini zinajibu, vizuri, kwa pamoja, na mimi nawaambia “Vema, tena.” Siku moja zilinyamaza zote kwa mara moja. Moja tu ikaendelea, ya mwanamke, polepole, nyuma ya shingo yangu. Nilipogeuka kulikuwa na viti vitupu vya mianzi.

Nilibadilika tabia. Naona aibu kuandika, lakini nitaandika, maana pengine hata wewe umeanza na watu wako wanalia kimya. Nilimwambia Veronika kwamba ananitilia dawa kwenye chakula. Nilimtupia chungu cha moto, na alama iko mkononi mwake mpaka leo. Alianza kulala kwenye kizingiti, na mlango wazi. Shingoni nilijifunga kitambaa, nikasema ni kwa ajili ya kikohozi.

“Mficha maradhi kilio humfichua, Gaspari,” aliniambia.

“Kaa kimya. Unataka wanafunzi wangu waseme mwalimu ana malale?”

“Wanasema tayari. Aliyebaki kusema ni wewe tu.”

Wapapasa shingo waliporudi, karibu na Noeli, mimi nilisimama kando ya mstari, siyo ndani yake. Nilishika kitabu, nikawasaidia kuita majina. Walikuwa wakinipita kila mara, mwalimu bwana, nani atamshika mwalimu? Nilikuwa nimeshaita jina la mwisho. Veronika akatoka kwenye mstari wa wanawake. Mke wangu, ambaye hajawahi kuniita kwa sauti mbele za watu!

“Na huyu mshikeni,” akasema. “Ni mume wangu. Ni mgonjwa.”

Nikasema mwanamke huyu amerukwa na akili. Yule mpapasaji alikuwa kijana wa Nyanza, mpole, akanyosha mkono na kunifungua kitambaa taratibu, huku akisema “Samahani, mwalimu, samahani.” Wanafunzi wangu wote walikuwa wanatazama. Vidole vyake vikatulia mahali pamoja. Nilimchukia Veronika siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Leo nakuambia, kama unaye mtu wa kukufungua kitambaa, mshukuru.

Kambini walinivalisha kibao cha mti chenye namba, kimefungwa kwa kamba shingoni. Sindano zilikuwa mbili, leo na kesho, kisha siku kumi za kungoja, kisha mbili tena. Tulihesabu maisha yetu hivyo. “Alikufa kwenye sindano ya tano.” “Mvua kubwa ilianza nikiwa sindano ya sita.” Siku ya sindano tulikaa kwenye gogo refu mbele ya nyumba ya daktari, bega kwa bega, na hakuna aliyeuliza mwenzake habari, kwa sababu dawa ile ilikuwa na desturi ya kuchukua macho. Unaweza kukaa karibu na mtu leo anakuonyesha ndege, na siku kumi baadaye anaongozwa kwa fimbo. Asubuhi kila mmoja wetu alitazama viganja vyake kwanza, kabla ya kusema lolote.

Na mchana wa pale! Wagonjwa waliolala walipangwa kwenye kivuli, na kivuli kikihama walihamishwa nao, bila kuamka. Kulikuwa na mzee aliyezunguka nguzo moja tangu jua kuchomoza, amechimba njia kwa nyayo zake. Mwanamke mmoja alicheka, kisha akanyamaza, kisha upande wa pili wa kambi mwingine asiyemjua akamalizia kicheko chake. Mbele yetu ziwa lilikuwa jeupe, na ufuko umefyekwa, hakuna mtumbwi, hakuna mtu.

Siku ya nne nikasikia tena ile sauti. Ya mwanamke, polepole, inajibu maswali ya dini moja baada ya jingine. Nikasema, basi, imenifuata hata huku. Nikaiandama mpaka kibanda cha mwisho, cha wale ambao sindano imeshindwa. Ndani alikuwa Nyandwi, ameketi kwenye mkeka, mifupa mitupu. Macho yake yalikuwa wazi na meupe. Alikuwa akijiuliza mwenyewe maswali yangu na kuyajibu mwenyewe, asisahau.

“Nani huyo?” akauliza.

“Mimi. Gaspari.”

Uso ule ukafunguka. “Mwalimu! Umekuja kutufundisha?”

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Kibao kilikuwa kinaning'inia kifuani mwangu, lakini yeye hakuona kibao. Nikasema, “Ndiyo, mama. Nimekuja kufundisha.”

Fikiria! Mtu amevuliwa kila kitu, bado ameng'ang'ania uongo mmoja mdogo mbele ya kipofu.

Basi nikawa naenda kila mchana niwezapo kusimama, nikavaa sauti yangu ya zamani, nikamfundisha. Nilisimama mbali kidogo asinisikie nikitetemeka. Kila mara swali lake lilikuwa lile lile. “Mwalimu, Yezu amenisamehe ile dhambi ya usingizi? Nataka maji ya ubatizo kabla sijaenda. Usingizi wangu sasa iko mrefu, siku moja sitarudi.”

Nilijua la kufanya. Mtu akikaribia kufa, hata mwalimu anaweza kumbatiza, maneno nilikuwa nayo kichwani. Lakini ningembatizaje mwanamke aliyekuwa anatubu ugonjwa? Ilinipasa kwanza kumwambia kwamba hakukuwa na dhambi, dhambi ilikuwa yangu, na kwamba nalijua hilo kwa kuwa mimi pia nalala. Nikamwambia, “Kesho, mama.” Sindano ya saba ikapita. “Kesho.” Sindano ya nane ikapita, na jicho langu la kushoto likaanza kuona moshi. Veronika alikuja mpaka uani na ugali wa muhogo na ndagala, amebeba kichwani tangu Gatete. Nilikuwa simwambii neno. Alikaa kando yangu mpaka nimalize, akaosha bakuli, akaondoka. Wiki ile tu ndiyo nilimwuliza kama mkono umepona. Akasema umepona. Ulikuwa haujapona.

Zikapita sindano nyingine, na Ijumaa Kuu mtumishi wa kambi akaniambia Nyandwi hataifikia jioni, na ameniita. Nikachota maji kwenye kibuyu. Nilimkuta amelala chali. Nikaapa kwamba akifumbua macho nitamwambia yote, kisha nitambatiza. Sikutaka kumwagia maji mtu asiyejibu. Mtu mzima lazima aulizwe, lazima aseme mwenyewe anataka. Nilikuwa nimewafundisha watu hivyo miaka yote, na nilikuwa mkali. Kwa hiyo nikaketi kando ya mkeka, kibuyu mkononi, ningoje aamke. Jua lilikuwa la utosi. Nikafikiri habari za bustani ile. Nikasema, leo angalau nitakesha.

Nilisinzia.

Nilipoamka, jua lilikuwa limehamia mlangoni, na kitu kilikuwa kinatembea shingoni mwangu. Kinaenda, kinasimama, kinarudi. Sikuthubutu kusogea. Vilikuwa vidole vya Nyandwi. Kichwa changu kilikuwa kimeanguka kwenye mkeka wake, naye alikuwa macho, ananipapasa nyuma ya shingo, kinundu kwa kinundu. Kisha vidole vikafuata kamba, vikashuka, vikakikuta kibao.

“Mwalimu,” akasema. “Kumbe na wewe.”

“Na mimi, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu vuli.” Nikaanza kulia, nikalia kama sijawahi kulia. “Nilikudanganya. Na ule usingizi wako haukuwa dhambi hata siku moja. Ulikuwa ugonjwa huu huu. Mimi ndiye niliyekuvua medali, mimi ndiye niliyelificha jina lako kwa Padri. Hata leo umeniita nikae nawe, nimelala.”

Vidole vyake vilitulia juu ya kibao. Nilidhani amelala tena.

“Nimekusikia ukikoroma,” akasema mwishowe, na nadhani alicheka. “Nilitaka kukuamsha, maana mimi iko na haraka. Halafu nikagusa shingo yako. Nikasema, muache, maskini. Anaumwa.”

Ndugu yangu, nimefundisha Mateso ya Bwana miaka tisa. Kila mwaka nilisimama upande wake Yeye, nikiwanyoshea kidole wale watatu. Sikuwahi hata mara moja kuona kwamba aliporudi akawakuta wamelala aliwasema kidogo tu, kisha akawahurumia, akasema miili yao ni dhaifu. Sikuwahi kuona kwamba Yeye, ambaye angeweza kuamuru, alipiga magoti kwenye udongo akaomba, na aliposikia jibu siyo alilotaka, akainuka akaenda nalo. Ilibidi nipate malale ndipo niyaone hayo, na mwanamke aliyepofuka ndiye anionyeshe.

“Sasa nipe maji,” Nyandwi akasema. “Kabla haijanibeba.”

Nikainua kibuyu. Kilikuwa kimepinduka nilipoanguka. Mkeka ulikuwa umelowa na halikubaki tone, na mtungi wa kibanda ulikuwa mkavu, kwani wachota maji huja jioni. Nikamwambia angoje. Nikatoka kwenda ziwani.

Ni hatua mia tatu, hazizidi. Nilikatazwa kukanyaga pale, lakini hakukuwa na askari, hakukuwa na mtu. Visiki vilivyofyekwa vilikuwa vimechipua. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili maumivu hayakuja, yalinikuta baadaye nikiwa nimesimama ndani ya maji. Na nyuma yangu darasa likaanza. Sauti arobaini. Lakini safari hii hazikujibu, ziliuliza. Ziliuliza maswali yangu yote kwa sauti yangu mimi, ile kali, moja juu ya nyingine, na kila nililolijua lilikuwa limenitoka. Nilisimama maji magotini. Nikasema kwa sauti, “Bwana, mimi ni wale waliolala. Fanya unavyotaka. Ila yule mama asife kabla sijafika.” Sikuomba macho yangu. Sikuomba kupona. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuomba bila kujitanguliza, na sauti zikanyamaza. Nikachota.

Nilirudi nimeziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Nyandwi alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mmoja umenyoshwa pale kichwa changu kilipokuwa. Anapumua, taratibu sana, halafu anasahau kupumua, halafu anakumbuka.

“Mama Nyandwi,” nikaita. “Unataka kubatizwa?”

Hakujibu. Nikaita tena. Nikamtikisa bega kidogo. Uso wake ulikuwa umetulia, umekwenda mbali mno kwa mtu kuitwa arudi kujibu maswali yangu.

Basi nikapiga magoti, nikamimina maji kichwani mwake mara tatu, nikasema maneno. Nilimbatiza akiwa amelala, na sikumwamsha.